JINA LA KAZI YETU HUKO NG'AMBO



Wako watakaouliza, chama cha wafanyi kazi kina haja gani na alama za biashara? Hayo si mambo ya matajiri na mawakili wao? Sisi twasema haja ipo. Mshahara wa mfumaji hutoka katika kitambaa kilichouzwa, na kitambaa huuzwa kwa jina. Jina likishikwa na mwingine huko ng'ambo, kazi hupungua hapa.

Yakumbukeni ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka maombi katika ofisi ya alama ya nchi ile, ikitaka neno KIKOY liwe lake peke yake katika biashara. Neno hilo! Wazee wa pwani walijifunga vikoi kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Lau maombi yale yangalikubaliwa, Mkenya aliyepeleka vikoi Uingereza angaliweza kushtakiwa kwa kuviita vikoi. Muda wa kupinga wakati ule ulikuwa miezi mitatu tu tangu maombi kutangazwa. Wauzaji wetu, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza pamoja na mawakili, walipinga mwaka 2007, na mwaka 2008 kampuni ikayaondoa maombi yake. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini ni mfumaji gani wa Kenya angalisoma matangazo ya ofisi ya Uingereza kila wiki?

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: alama iliyoandikishwa Nairobi hulindwa Kenya tu. Ni kama tikiti ya Mombasa, haikufikishi Kisumu. Ukitaka ulinzi Ujerumani, sharti uandikishe kwa ajili ya Ujerumani. Tena katika nchi nyingi aliyetangulia kuandikisha ndiye hutambuliwa, hata kama wewe umelitumia jina miaka ishirini kwenu.

Wala tusidanganyane. Neno kikoi haliwezi kuwa la kampuni ya Kenya pia, kwa maana ni jina la kitu chenyewe, kama mkate. Kinachoandikishwa ni jina la kikundi, au picha yake, ili mnunuzi ajue kikoi hiki kimefumwa na watu fulani.

Ethiopia walifanya vizuri. Mwaka 2005 serikali yao yenyewe iliomba kuandikisha Marekani majina ya kahawa yao, Yirgacheffe, Harar na Sidamo. Chama cha wenye biashara ya kahawa kule kikapinga, na maneno yakawa makali. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya Starbucks ikatia sahihi mapatano na Ethiopia juu ya majina hayo. Mkulima mmoja mmoja asingaliweza jambo hili hata kidogo.

Njia ya kwetu iko wazi tangu mwaka 1998, Kenya ilipoingia katika mapatano yaitwayo ya Madrid. Kwanza kikundi hupeleka alama yake ofisi ya KIPI, Nairobi. Kisha, kwa kupitia KIPI, maombi mamoja hupelekwa shirika la WIPO huko Geneva, yakitaja nchi zinazotakiwa. Kila nchi hukubali au hukataa kwa sheria yake. Ada ya kwanza ni franka 653 za Uswisi kwa alama isiyo na rangi, na kila nchi huongeza yake. Alama hukaa miaka 10, kisha hulipiwa tena. Anayepeleka ng'ambo katika miezi 6 baada ya kuomba hapa huhesabiwa kana kwamba aliomba kule siku ile ile ya kwanza, kwa hiyo kuchelewa ni hasara. Angalieni pia: katika miaka 5 ya mwanzo, alama ya Kenya ikianguka, na zile za ng'ambo huanguka pamoja nayo.

(Na mkiisha kuandikisha, mtaletewa barua za wajanja zikidai fedha. Msilipe mpaka mmeuliza KIPI.)

Fedha hizo ni nyingi kwa akina mama kumi wanaosuka vyondo. Kwa ushirika wa watu mia tano si nyingi. Kwa serikali ni kidogo sana, na twaona ni wajibu wake kulipa sehemu, na kuweka karani wa kusoma matangazo ya nchi za nje.

Wanachama ambao wake zao au jamaa zao wamo katika vikundi vya kufuma na kusuka wampe katibu wa tawi majina ya vikundi hivyo, pamoja na nchi wanakouza, kabla ya mkutano ujao.

Mhariri