Tuhesabu kuanzia siku moja

Nipo Kolandoto, mkoani Shinyanga, nashughulika na takwimu za kliniki ya VVU. Shinyanga tumewahi kupata jaribio halisi la kupanga watu kwa bahati nasibu, lile la fedha au chakula kwa wanaoanza ARV (matokeo yalichapishwa 2017), lakini maswali mengine mengi tunayajibu kwa kumbukumbu za kliniki. Na hapo ndipo tunapokosea. Ukilinganisha waliomaliza isoniazidi ya miezi 6 (dawa ya kukinga kifua kikuu) na wasiomaliza, aliyefariki mwezi wa 2 anaangukia kwa wasiomaliza, na dawa inapata sifa isiyo yake. Programu kama TrialEmulation, inayotumika ndani ya R (programu ya takwimu), inakubana useme mapema nani anastahili, anaanza kuhesabiwa lini, na yuko kundi lipi siku hiyohiyo. Naikubali sana.

Ila ina kikomo: mchimbaji mdogo akisikia dhahabu imetoka Geita, kesho yake kaondoka, na sisi tunamwandika mtoro. Programu inaweza kuwaongezea uzito waliobaki wanaofanana naye, lakini kwa yale tu tuliyoandika. Wenzangu wa kliniki, tafadhali andikeni kazi ya mgonjwa na anakosema anahamia.