Fimbo moja Mbeya, nyingine Kampala

Shule ya Afrika Mashariki ikipata shule rafiki, mara nyingi rafiki huyo yuko Ulaya au Marekani. Wageni huja, picha hupigwa, maboksi ya vitabu hufunguliwa, na watoto wetu huandika barua za shukrani. Vitabu tunavihitaji, lakini hapo watoto hawajafanya somo lolote pamoja.

Madarasa mawili hushirikiana kweli pale kila moja linapokuwa na kitu ambacho jingine haliwezi kukipata peke yake. Kitu hicho si lazima kiwe cha bei; kinaweza kuwa hata kivuli.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria, alikokotoa mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha mji wake na cha Syene, ambayo leo ni Aswan. Watoto wetu wanaweza kuirudia kazi hiyo kwa fimbo za mita moja na rula. Mbeya na Kampala ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini hadi kaskazini, na umbali wa angani kati yake unazidi kidogo kilomita 1,000. Tarehe 21 Machi au 23 Septemba hivi, jua linapokuwa juu ya ikweta, fimbo ya Kampala haitakuwa na kivuli cha kutajika. Ya Mbeya itatoa sentimita 16 hivi. Ukichora pembetatu hiyo daftarini na kuipima, unapata pembe ya takriban nyuzi 9, yaani sehemu moja kati ya 40 za duara. Zidisha 1,000 kwa 40. Umeizunguka dunia.

Bila kipimo cha Kampala, darasa la Mbeya halina pa kulinganishia. Na la Kampala vivyo hivyo. Kisha watagundua kwamba kivuli kifupi kabisa hakiji saa sita kamili bali karibu na saa saba, nao wataanza kuulizana kwa nini. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na miji yao iko kwenye nyuzi 33 hivi. Mwalimu mwenye simu na kikundi cha WhatsApp anaweza kulisimamia somo zima.

Walimu wa kwingine wameujua ushirikiano wa aina hii tangu zamani. Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini kusini mwa Ufaransa, aliwafanya wanafunzi wake wa miaka ya 1920 wapige chapa maandishi yao wenyewe na kuyabadilishana kwa posta na shule ya mbali. Mtandao wa iEARN ulianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, wakati Vita Baridi havijaisha. Umoja wa Ulaya ulianzisha eTwinning mwaka 2005, ukawapa walimu jukwaa la bure, ofisi za kuwasaidia na mafunzo. Sisi tuna lugha moja inayovuka mipaka: mtoto wa Kigoma, wa Bujumbura na wa Lubumbashi wanaweza kuelewana bila mkalimani. Uganda nayo iliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Lugha hiyo haiwezi kukaa kwenye mtihani tu. Watoto wapewe watu wa kuzungumza nao.

Kinachokosekana ni miongozo. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 na mtaala wa kumaliza hana muda wa kubuni mradi, kutafuta mwenzake na kulinganisha mihula isiyoendana. Tunazitaka Taasisi ya Elimu Tanzania na taasisi za mitaala za Kenya (KICD) na Uganda (NCDC) ziandike pamoja, kwa Kiswahili, miradi michache ya ukurasa mmoja mmoja: vivuli, mvua, bei za sokoni, michezo ya watoto. Kila ukurasa useme vifaa gani vinatakiwa, tarehe gani, jedwali la kujaza, na mada ya mtaala inayohusika katika kila nchi, ili mwalimu asionekane amepoteza kipindi. Wizara zitoe orodha ya shule zilizo tayari na zilipie bando la walimu hao. Mradi wa vivuli uanze Septemba ijayo.