Onesimo: Jina Lililotoholewa Bila Maana Yake

Nimekusudia kutetea jambo dogo katika taaluma ya tafsiri: kwamba jina la mtu nalo ni neno, na mfasiri akilitohoa tu na kupita, huenda akamnyima msomaji sehemu ya ujumbe. Mfano wangu ni Onesimo, mtumwa wa Filemoni.

Hapa mtaani Pioneer, Eldoret, akina Onesmus si haba. Mwulize mmoja wao maana ya jina lake la Kikalenjin, naye atakueleza bila kusita: Kiplagat alizaliwa jioni, Kiprop wakati wa mvua. Mwulize maana ya Onesmus, atakujibu kuwa ni jina la ubatizo, basi.

Kwa Kiyunani, Onesimos ni "mwenye manufaa". Lilikuwa jina la kawaida la watumwa katika dola ya Kirumi, na sababu yake haifichiki: aliyemiliki mtu alimwita kwa kile alichotarajia kukipata kwake. Pwani yetu nayo iliyajua majina ya namna hii. Katika karne ya 19, akina Mabruki, Baraka na Feruzi walikuwa wengi miongoni mwa watumwa na walioachwa huru. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India, kisha akarudi na kusafiri na Burton na Speke, alibeba jina lenye maana ya "aliyebarikiwa". Baraka hiyo ilikuwa ya nani, ya mtoto au ya mnunuzi?

Paulo alilijua jina analolishughulikia. Katika aya ya 11 ya waraka huo mfupi wa aya 25, anamwambia Filemoni kuwa mtu huyu zamani alikuwa achrestos, asiyefaa, na sasa ni euchrestos, mwenye kufaa sana. Yaani Bwana Manufaa alikuwa hana manufaa! Kisha, baada ya kuomba katika aya ya 16 apokewe kama ndugu, si kama mtumwa tena, Paulo anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha waraka. Katika aya ya 20 anatumia kitenzi cha shina lile lile la jina Onesimo, lakini sasa anayetakiwa kuwa na manufaa ni Filemoni mwenyewe. Jina la mtumwa limegeuzwa kuwa wajibu wa bwana.

Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ina kitenzi "kufaa" katika aya ya 11 na nomino "faida" katika aya ya 20. Sina ugomvi na uteuzi huo; ni Kiswahili safi. Ila jina lenyewe limebaki bubu, na maneno hayo mawili hayana cha kuyaunganisha.

Najua nitaambiwa kuwa jina la pekee halifasiriwi. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Yohana 11:16, inamtaja Tomaso aitwaye Pacha, ilhali Kiyunani kinasema Didimo. Nakubali kuwa pale Didimo ni tafsiri ya Tomaso, kwa hiyo kisa si sawasawa kabisa. Hata hivyo, wafasiri waliona msomaji anahitaji maana, wakampa. Nami sidai Onesimo aitwe Faida, ingawa jina hilo lipo miongoni mwetu na aya ya 20 ingevuma vizuri sana masikioni. Nadai tanbihi ya mstari mmoja.

Pasipo tanbihi hiyo, waraka huu huhubiriwa kinyume. Niliwahi kuwasikia wafanyakazi wakihimizwa kwa mfano wa Onesimo wawafae waajiri wao, wasitoroke kazini. Mhubiri alisahau kwamba barua ilipelekwa kwa bwana, na kwamba mwenye kuombwa abadilike humo ni yeye.

Wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta mada ya tasnifu wangeweza kuanzia hapa, kisha waende kwa Eutiko wa Matendo ya Mitume 20:9, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa, kisha akarudishwa nyumbani mzima. Jina lake kwa Kiyunani ni "mwenye bahati".