Orodha ya Majina na Deni la Nakato

Katika soko la Owino, jirani na uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, wachuuzi wa mivumba, yaani mitumba, huchukua mzigo asubuhi na kulipa jioni. Mwenye duka aliyeacha daftari la madeni na kununua kompyuta hudhani kuwa mashaka yamekwisha. Kumbe orodha ya wateja yaweza kumbebesha mtu deni lisilo lake.

Desturi ya orodha hiyo ni kwamba karani akichapa herufi mbili, programu huzilinganisha na mwanzo wa kila jina, kisha hulimalizia jina lenyewe. Njia hiyo huwafaa watu ambao majina yao hutofautiana mwanzoni, nao wa Owino si hao. Kwa Waganda, majina mengi ya wanawake huanza kwa Na: Nabukenya, Nakato, Nakimuli, Nalwanga, na mengi ya wanaume kwa Sse. Kwa Waacholi na Walango, mara nyingi O huashiria mwanamume na A mwanamke: Okello na Akello, Opio na Apio. Herufi ya kwanza basi humweleza karani kama mteja ni mume au mke, si zaidi. Akibonyeza kwa pupa, Nabukenya ataamkia deni la Nakato.

Katika kambi za askari shida hiyo huvaa sare. Orodha ikiandikwa cheo kwanza, "Koplo Okello", mwenye kuchapa Okello haoni kitu, na mke wa koplo aliyefuata posho huambiwa kuwa mumewe hayumo.

Dawa yake si ngumu. Programu nyingi za Windows zina ukamilishaji wao wa asili unaotazama mwanzo tu. Fundi huuzima, akaandika kanuni yake ya kuchuja orodha kila herufi inapochapwa, ikitafuta popote ndani ya jina. Hata hivyo, herufi moja ikitafutwa popote italeta nusu ya soko. Afadhali uchujaji uanze kwenye herufi ya tatu. Tena mpangilio una maana: mwenye kuchapa "kato" amwone Kato, pacha mdogo wa kiume, kabla ya Nakato, pacha mdogo wa kike.

Liko pia suala la tahajia. Huyu huandika Ssali, yule Sali. Katika kulinganisha, herufi pacha zihesabiwe kuwa moja, lakini jina libaki lilivyoandikwa na mwenyewe. Kumsahihishia mtu jina lake ni utovu wa adabu.

Majina ya mazoea nayo yapewe safu yao. Soko lenyewe huitwa rasmi St. Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini abiria na kondakta wa teksi husema Owino. Orodha yenye jina rasmi peke yake humjibu mtu kwamba soko hilo halipo.

Mwisho, penye fedha programu isiruhusiwe kumalizia jina. Ionyeshe majina yanayolingana, kila moja na tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja, kisha ingoje karani achague.