Kelele za Tarakilishi Mpya: Feni Yavuma, Nani Asikie?

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa kauli hii waweza kuthibitishwa na kijana yeyote aliyejinyima kwa miezi, akadunduliza fedha, na hatimaye akanunua tarakilishi ya mezani iliyoundwa mahususi kwa michezo ya video. Kasha lake lina ubavu wa kioo, taa za rangi zamemeta ndani yake, na picha hutiririka kwenye kiwambo bila kukwama. Kidonda hujitokeza pindi mchezo unapopamba moto. Feni za ndani huanza kuvuma, mvumo ukageuka ngurumo, na jirani wa chumba cha pili bwenini akaanza kugonga ukuta usiku wa manane. Je, mwenye mashine hiyo afanyeje?

Majibu mawili ndiyo yaliyozoeleka. La kwanza ni la wale wanaoshikilia kwamba mashine ya michezo haina budi kupiga kelele, hivyo mnunuzi na avae vipokea sauti vya masikioni na kustahimili. La pili ni la wale wanaoichukulia kelele kuwa adui wa kunyamazishwa kwa vyovyote vile. Hawa hupunguza kasi ya feni hadi kikomo, huchomoa waya wa feni moja au mbili, au hulisukuma kasha zima ndani ya kabati na kufunga mlango. Makala haya yanapinga misimamo yote miwili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kelele ya feni ni ujumbe, na ujumbe sharti usikizwe, utambuliwe na upewe jina kabla ya kushughulikiwa. Aidha, yanashikiliwa humu maoni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuifanya kazi hiyo, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kusimama nje ya kasha hilo kama mgeni asiyebishiwa hodi.

Ni muhimu kuanza na chanzo cha kelele yenyewe. Takriban umeme wote unaotumiwa na prosesa huishia kuwa joto. Prosesa ya kwanza ya Pentium, iliyotolewa mwaka 1993, ilitumia wati 15 hivi. Kadi ya michoro ya NVIDIA iitwayo RTX 4090, iliyotolewa mwaka 2022, imewekewa kiwango cha wati 450 peke yake, kabla hata ya kuhesabu prosesa iliyo kando yake. Hiyo ni karibu nusu ya nguvu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, nayo imebanwa ndani ya kasha linalotoshea chini ya meza. Joto hilo lazima litoke. Feni ndizo zinazolitoa, na kadiri joto linavyozidi ndivyo zinavyoamrishwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kuichukia feni kwa sababu inavuma ni sawa na kumchukia mpiga mbiu badala ya kuuliza mbiu ya mgambo imelia kwa nini.

Historia ya vyombo hivi inayo mafunzo kwa wapenzi wa kimya cha lazima. Tarakilishi ya Macintosh ya mwaka 1984 iliundwa bila feni, ikategemea hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe kupitia matundu ya kasha. Macintosh SE ilipotolewa mwaka 1987, ndani yake palikuwa na feni. Kwa upande wa michezo, kampuni ya Microsoft ilitangaza mnamo Julai 2007 kwamba ingerefusha dhamana ya mashine ya Xbox 360 hadi miaka 3 kwa hitilafu iliyojulikana kwa taa tatu nyekundu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa shughuli hiyo. Maelezo yaliyotolewa baadaye na kampuni hiyo yalibainisha kuwa viunganishi vya ndani vilivunjika kutokana na joto kupanda na kushuka mara kwa mara. Mficha maradhi kilio humfichua.

Ni kweli kwamba prosesa za siku hizi hujihami. Prosesa nyingi za AMD za kundi la Ryzen 7000, kwa mfano, zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 za Selsiasi, na zikifika hapo hupunguza kasi yazo ili zisizidi. Kwa hivyo, aliyechomoa feni huenda asione moshi siku hiyo. Atakachokiona ni mchezo unaokwamakwama, kwa maana kasi aliyoilipia fedha nyingi imetolewa mhanga ili chombo kisiungue. Amenunua farasi kisha akamfunga miguu kwa kuwa kwato zake zina kishindo.

Njia iliyo bora ni kuanza kwa sikio. Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, kwa kuwa lugha hii imejaa majina na vitenzi vya sauti. Feni inayovuma kwa sauti moja pana, kama upepo wa kusi kwenye minazi, ni feni nzima inayosukuma hewa nyingi. Tatizo lake, kama lipo, ni kasi iliyopangwa au joto lililozidi. Feni inayokwaruza au kutoa mlio wa ta-ta-ta-ta mara nyingi inaguswa na waya, jambo la kawaida kwa mashine mpya iliyosafirishwa kwa basi kwenye barabara yenye mashimo. Panapo mrindimo unaosikika hata mezani, kuna mtetemo: parafujo imelegea au ubavu wa kasha haukukaza. Mwenye mashine ataubonyeza ubavu huo kwa kiganja, na mrindimo ukikoma, chanzo kimepatikana. Feni inayokereza wakati wote, hata ikizunguka polepole, imeharibika kitovuni nayo yafaa irudishwe dukani chini ya dhamana. Iwapo sauti hupanda na kushuka kama mtu anayehema, ilhali mashine haina kazi kubwa, basi mpangilio wa feni una papara, unaitikia kila badiliko dogo la joto.

Ipo pia sauti ya sita, mluzi mwembamba unaosikika mchezo unapoonyesha fremu nyingi mno kwa sekunde. Mluzi huu hautoki kwa feni hata kidogo. Hutokana na koili za umeme zinazotetema kwenye kadi ya michoro au katika kijisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Avumaye baharini papa kumbe wengi wapo: mnunuzi asiyeutofautisha mluzi na mvumo anaweza kubadilisha feni zote na bado akabaki na kelele ile ile.

Baada ya sauti kutambuliwa, tiba hufuata kwa utaratibu. Hatua ya kwanza ni kusoma joto la prosesa na la kadi ya michoro, mashine ikiwa imetulia na pia mchezo ukiwa unaendelea. Iwapo joto la prosesa hupaa mara tu kazi inapoanza, yafaa kukagua kipoza joto kilichokaa juu ya prosesa. Huenda hakikukazwa, au fundi aliyeiunda mashine alisahau kubandua karatasi ya plastiki inayofunika uso wa chini wa kipoza joto hicho. Hatua ya pili ni kukagua feni zimechomekwa wapi. Feni yenye nyaya 4 hupokea amri ya kasi kupitia waya wa nne, na yenye nyaya 3 huongozwa kwa kupunguziwa umeme kutoka volti 12. Feni iliyounganishwa moja kwa moja na pawasaplai haipokei amri yoyote. Itazunguka kwa kasi yake yote toka asubuhi hadi usiku. Kazi hii yote ifanywe mashine ikiwa imezimwa na waya wake kuchomolewa ukutani, na pawasaplai yenyewe isifunguliwe asilani. Mnunuzi asome kwanza masharti ya dhamana, asije akaivunja kwa bisibisi.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa kasi, unaopatikana katika BIOS ya mashine nyingi za aina hii. Kasi ipangwe ipande kwa mteremko mpole, na feni ziamrishwe kusubiri sekunde chache kabla ya kuitikia badiliko la joto. Hesabu ya wahandisi inaunga mkono upole huu. Feni ikipunguziwa kasi kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa kama nusu ya ukubwa wa sauti. Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza huzidisha kelele kwa desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili kubwa za milimita 140 zinazokwenda taratibu ni tulivu kuliko feni moja ndogo ya milimita 80 inayokimbizwa. Kadhalika, mchezo wenyewe waweza kuwekewa kikomo cha fremu. Kiwambo kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde hakifaidiki na kadi inayochora 200. Ziada hiyo hugeuka joto, joto likageuka kelele.

Mazingira nayo yana usemi wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile Nairobi husukuma hewa iliyo haba kuliko ya Mombasa, hivyo hubeba joto kidogo. Mombasa nayo ina hewa nzito, lakini hewa hiyo huingia ndani ya kasha ikiwa tayari na joto. Kote kuwili vumbi halikosekani. Mashine iliyowekwa sakafuni, mgongo wake ukiwa umebanwa ukutani, humeza vumbi na kunyimwa pumzi kwa wakati mmoja. Kuiinua juu ya kibao, kuiachia nafasi nyuma na kupangusa vichujio vyake kila mara ni dawa isiyogharimu hata shilingi.

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya yana uhusiano gani na jarida la Kiswahili. Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Mnunuzi anayerudi dukani na kusema tu kwamba mashine "inapiga kelele" amejitia mikononi mwa muuzaji, ambaye hatakosa feni mpya ya kumuuzia. Mnunuzi anayesema kuwa feni ya nyuma hukwaruza mashine inapowashwa, kisha hutulia, ilhali joto ni la kawaida, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi. Tofauti baina yao ni ya msamiati, nayo hupimwa kwa fedha.

Wapo watakaodai kuwa menyu za BIOS zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mjadala wa Kiswahili hauna tija. Dai hili lina ukweli nusu. Maneno ya menyu ni machache na hukaririwa kwa siku moja. Kinachotakiwa kwa muda mrefu ni uwezo wa kufikiri: kuhusisha sauti na chanzo, na chanzo na tiba. Mwaka 2004 programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kutokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hatua hiyo iliivisha tarakilishi uso wa Kiswahili. Tumbo lake limebaki bila msimulizi. Wasomi wamebishana sana kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, ilhali yanayotendeka ndani yake hayajaelezwa vya kutosha kwa jina lolote kati ya hayo matatu. Mjadala kuhusu jina la nyumba hauna faida kwa anayeungua ndani yake.

Wala hapahitajiki kamati ya kubuni istilahi ngeni ili kazi ianze. Feni, prosesa, kadi, waya na bisibisi ni maneno yaliyo vinywani mwa mafundi tayari. Kuvuma, kukwaruza, kurindima na kukereza ni urithi wa lugha tangu jadi. Kilichopungua ni watu wa kuyaunganisha makundi haya mawili katika maandishi yanayosomeka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na uzito iwapo lugha yenyewe itaachwa kwenye tungo na hotuba pekee, huku maelezo ya chombo kilicho juu ya meza ya mwanafunzi yakitafutwa kwingineko.

Kwa kutamatisha, ikumbukwe kwamba hakuna feni iliyo bubu, na mashine yenye nguvu itasikika inapofanya kazi nzito. Kinachostahili kudaiwa ni kelele inayolingana na kazi: utulivu mtu anapoandika tasnifu yake, na mvumo wa wastani anapocheza. Kelele inayozidi hapo ina sababu, na sababu hiyo ina jina. Wanafunzi wa Kiswahili wamefunzwa kupambanua sauti za lugha hadi kipashio kidogo kabisa. Sikio hilo hilo na lielekezwe kwenye kasha lililo chini ya meza, na yatakayosikika yaandikwe kwa lugha ambayo kila mnunuzi na kila fundi ataielewa.