TAMKO LA TAWI: MIKOPO YA KAUSHA DAMU NA WANAOMLAUMU MKOPAJI



Tangu kikao kilichopita kuna maneno yanazunguka kwamba kinamama wanaokimbia nyumba zao siku ya marejesho "wamejitakia". Eti wanakopa kwa ajili ya sare za sherehe, halafu wanataka chama kiwatetee. Kamati ya Tawi imeyajadili maneno hayo na imeyakataa.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaobeza hawajaipiga. Chukua mama ntilie anayekopa laki moja. Anakatwa 10,000 ya fomu kabla hajatoka mlangoni, anaondoka na 90,000. Kesho yake anaanza kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla 135,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani 3,500 kwenye laki. Huyu analipa 35,000, mara kumi, na bado hatujagusa hela ya fomu wala faini ya siku aliyochelewa. Wali maharage gani unatoa faida hiyo ndani ya mwezi?

"Lakini amesaini." Ndiyo, amesaini. Na waliokopa kwa ajili ya sherehe wapo, tunawajua. Ila angalieni afisa mikopo anakagua nini akifika nyumbani. Haulizi unauza sahani ngapi kwa siku. Anahesabu TV, friji, kabati, mtungi wa gesi, godoro. Anayetegemea kulipwa na biashara yako angeipima biashara. Huyu anajua mapema kwamba utakwama, na hela yake ameshaiona kwenye friji. Halafu sisi majirani tunasimama barazani wakati vitu vinabebwa na kusema mama yule ana tamaa!

Kwa nini walienda huko? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ikaisitisha, ikarejea 2024. Kodi ya chumba haikusitishwa. Na hata sasa, mwenye mgonjwa leo hawezi kusubiri kikundi kisajiliwe na andiko lipite kata hadi halmashauri.

Mikopo ya simu ni hivyohivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ni aina ile inayochota namba zote kwenye simu yako, kisha bosi wako na wakwe zako wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Aliyesambaza meseji ya namna hiyo kwenye grupu letu kumcheka mwanachama mwenzake, aifute leo.

Sasa linalotuhusu wenyewe. Mikataba mingi ya kausha damu ina mhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti anagonga, anapokea hela ya mhuri, leseni hajauliza. Siku ya kubeba vitu anaitwa yeye yule kushuhudia. Wapo wanaotokana na chama chetu, tusifichane. Tawi linawataka wasigonge mhuri kwa mkopeshaji yeyote asiyeonyesha nakala ya leseni ya Benki Kuu na mkataba wa Kiswahili unaotaja riba ya mwezi. Anayeona hilo ni gumu aje alieleze mbele ya wanachama, na akumbuke kwamba kura za maoni zinapigwa na wanachama haohao.

Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Leteni mikataba, kadi za marejesho na meseji za vitisho, tuzipeleke kwa Ofisa Biashara wa halmashauri kwa pamoja. Walimu na watumishi ambao kadi zao za benki zimeshikiliwa na mkopeshaji pamoja na namba ya siri, njooni pia. Majina hayatasomwa kikaoni. Asiyetaka kuonekana ampe Katibu nakala kabla ya Ijumaa.

Limetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Tawi