Kiingilio cha Mtalii

Wapo watu, na baadhi yao wamesoma sana, wasemao kwamba matumbawe ya bahari yetu yalindwe kwa sababu mtalii hulipa fedha ili ayaone. Hoja hii imevaa nguo za busara, lakini ndani yake mna hatari.

Sikatai kwamba kiingilio kimefaa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, zimefaidika nacho. Na katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, fedha za wageni ziliwalipa walinzi ambao zamani walikuwa wavuvi. Lakini mgeni si mtu wa kutegemewa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga viwanja vya ndege, na viingilio vikakauka. Je, samaki waliacha kuzaliana mwambani kwa kuwa mgeni hakuja? Mawimbi yaliacha kuupiga ufuko? Siku kama zile ndizo mlinzi ahitajiwapo zaidi, maana aliyepoteza kazi hotelini hushuka baharini na wavu. Tena matumbawe hayangoji. Ni majumba ya chokaa yajengwayo na wanyama wadogo, polepole mno. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, yaligeuka meupe, na kazi ya miaka mingi ikafa kwa miezi michache.

Mwanafunzi wa Kakamega ataniuliza, yamhusu nini mambo ya pwani? Yamhusu sana. Msitu wetu hupata wageni wachache. Ukipimwa kwa kiingilio utaonekana fukara. Lakini maji ya Isiukhu na Yala hupita humo yakielekea Ziwa Victoria, na hakuna mtalii ayalipiaye. Akubaliye mizani hiyo Malindi ameukatia hukumu msitu wake mwenyewe.

Nasema basi, fedha za kulinda matumbawe zitoke katika hazina ya serikali kila mwaka, wageni waje wasije, na kiingilio kiwe nyongeza tu. Tutaambiwa kwamba hazina ni tupu. Mbona hupatikana fedha za kujenga kuta za kuzuia bahari, nazo hazizai samaki hata mmoja? Makadirio ya fedha husomwa Bungeni kila mwaka, na wabunge wa Kakamega wana haki ya kuuliza jambo hili sawasawa na wa Malindi.